Machi ya Viti

Kibuli, Kampala
4 Novemba 1973

Mwanangu Onen,

Salamu nyingi, na baada ya salamu, hali yako? Kifua je? Unakula? Usinijibu "nakula" halafu ukaishia hapo kama ulivyofanya barua iliyopita. Niambie unakula nini, nani anapika, na kama huyo mpishi ananawa mikono. Sisi huku wazima, isipokuwa goti langu la kushoto, na sukari, ambayo imehama nchi kama wewe.

Barua hii anakuletea mjomba wako Tajudin. Ameificha ndani ya jora la kitambaa, maana posta ya siku hizi inasoma barua kuliko mimi niliyeishia darasa la pili. Ukijibu, mpe yeye mkononi.

Sasa nikupe habari za beni yenu ya jeshi. Ulipokimbia mwaka jana, wewe na wenzako Waacholi mliojaliwa miguu, viti vilibaki vitupu. Nilidhani beni itakufa, nikasema afadhali ife na heshima yake. Haikufa, bambi, maskini. Imepewa mkuu mpya, Kapteni Abudu. Unamjua. Ndiye yule dereva wa lori la maji kambini, aliyegonga mlingoti wa bendera akaulaumu mlingoti. Leo ana nyota mabegani, na kifuani nishani zimejaa kama vizibo vya soda mlangoni pa baa. Nota hazijui hata moja. Kile kijiti cha kuongozea anakishika kama mtu anayefukuza kuku kwenye mtama ulioanikwa.

Mimi bado nakaanga muhogo hapo nje ya ua wa kambi, kwa hiyo kila wakifanya mazoezi nawasikia, nitake nisitake. Mwanangu, ng'ombe akizaa ana sauti tamu kuliko hawa. Na wimbo wanaouchinja ni upi? Machi ya Viti! Ule ule wa baba yako, ambao yule mkuu Mzungu wa zamani aliwafundisha kuupiga wameketi, kwenye bustani, Jumapili, watu wanasikiliza tu, hakuna anayeinua mguu. Ndio ulioniponza. Mimi, Salme binti Uthman, mtoto wa wauza nguo, niliyekatazwa hata kuchungulia ngoma, nikapita bustanini siku moja. Wote wakanyamaza pale katikati, na baba yako, amelipakata lile dude la tarumbeta nene, yufoniamu, kama mtoto mchanga, akaimba nalo peke yake. Basi, nikaharibikiwa. Nikaolewa na Mkatoliki, tena Mwacholi, tena mpiga tarumbeta. Baba yangu hakusema nami mpaka ulipozaliwa wewe.

Mungu amrehemu Tarcisio. Alikuwa akisema utampita.

Lakini Tajudin ameniambia jambo: umepata barua kutoka kwa Barnabé, yule wa klarineti. Anataka nini kwako? Niandikie upesi, silali.

Mimi mama yako,
Salme


Pumwani, Nairobi
25 Novemba 1973

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia u mzima, na goti nalo liombee dua. Nakula ugali na mboga ya sukuma, siku nyingine omena, dagaa wa huku. Anapika jirani, mama mmoja wa Kisumu, na ananawa mikono, nimemwona kwa macho yangu.

Barnabé ananiita nyumbani. Beni inawatafuta watu wake wa zamani. Redioni wametangaza kwamba wote tuliokimbia tumesamehewa. Nitapewa usajini, na nitapewa kiti cha kwanza cha yufoniamu. Kiti cha Baba. Mwezi wa pili kuna sherehe kubwa ya kugawa nishani, watapiga Machi ya Viti, na hakuna hata mmoja anayeiweza ile sehemu ya peke yake.

Mama, unajua kazi yangu hapa? Navaa shati la maua, nasimama nyuma ya mwimbaji hotelini, napiga pa-pa, pa-pa, watalii wakitafuna kuku. Miaka sita nilikaa kiti cha pili kando ya Baba, naweka chombo pajani na kunyamaza wakati yeye anaipiga. Naijua mpaka mahali alipovuta pumzi. Alipokufa nikasema sasa ni zamu yangu, na arobaini yake haijaisha wakaja na malori kutuzoa Waacholi. Sijaipiga mbele ya watu hata siku moja. Nina miaka ishirini na saba, Mama. Nani ataipiga kama si mimi?

Mwaka mpya ukipita, nakuja.

Mwanao,
Onen


Kibuli
16 Desemba 1973

Mwanangu Onen,

Marahaba. Na huyo mama wa Kisumu mpe salamu zangu, mwambie aongeze samaki, ugali mtupu haushiki mbavu. Sisi wazima.

Hivyo umesamehewa! Hongera. Ulikosa nini? Muulize Barnabé akutajie kosa lako, ili nasi huku tujue tunashangilia msamaha wa nini.

Juzi mkewe Laker alikuja kununua muhogo. Nikamwuliza wazi.

"Laker, mumeo anamwita mtoto wangu kwa akili zake?"

Akatazama huku na huku. "Mama Onen, barua ile Barnabé aliiandika amekaa, na Kapteni amesimama."

"Amesimama wapi?"

"Nyuma ya shingo yake."

Basi hiyo ndiyo barua yako. Na hicho kiti unachokililia ni mbao, Onen. Katwe kuna maseremala, nitakuchongeshea vitatu, ukae leo hiki kesho kile.

Ngoja nikwambie utampigia nani. Wiki jana wako mazoezini, wamefika pale pa baba yako, wote wakanyamaza. Kapteni akapiga meza kwa kijiti.

"Nyinyi! Mbona mmenyamaza? Mnalishwa na serikali mpige au mnyamaze?"

Barnabé akamjibu kwa adabu, "Afande, imeandikwa hivyo."

"Nani ameandika? Aletwe hapa!"

"Alikufa zamani, afande. Huko kwao Ulaya."

"Bahati yake," akasema, kisha akaamuru wote wapige mwanzo mpaka mwisho, hakuna kupumzika. Muhogo ulinipalia. Na bado. Ameamua siku ya sherehe hakuna viti. Jina lake machi, wimbo wa gwaride, anasema, basi watu watatembea. Baba yako angekuwa hai, angejifanya mgonjwa wiki nzima.

Huyo ndiye unayetaka kumpigia saluti? Kaa na watalii wako. Kuku wao angalau ameiva.

Mama yako mwenye wasiwasi,
Salme


Pumwani, Nairobi
13 Januari 1974

Mama,

Shikamoo. Natumaini hujambo, na mimi sijambo.

Barua yako nilimsomea Mjomba, tukacheka. Baadaye nilikaa peke yangu nikaona hakuna cha kucheka. Kila kitu wewe unakitemea mate. Kapteni ni dereva, sawa. Lakini wimbo si wa Kapteni. Watu wabaya wakishika kitu kizuri, tukiwaachia, kitabaki na nani?

Barnabé ameandika tena. Hoteli haitaniachia kabla ya mwisho wa mwezi wa pili, kwa hiyo sherehe itanipita. Anasema si neno, kiti kitanisubiri. Nitakuja. Nakuomba ukae na dharau yako kimya siku nitakapofika, unipikie pilau.

Mwanao,
Onen


Kibuli
17 Februari 1974

Mwanangu Onen,

Hujambo? Kifua je? Mimi mzima wa mwili. Soma hii yote, usiruke mistari.

Sherehe imepita. Uwanja ulifurika. Mafuta mingi walikuja na wake zao, hao waliogawiwa maduka ya Wahindi na sasa hawana cha kuweka dukani isipokuwa tumbo la mwenye duka. Mawigi kichwani, jua la saa nane, jasho linawatiririka mpaka shingoni. Mabalozi nao wamepangwa safu ya mbele. Mimi niko kwenye kamba ya kuzuia watu na sinia langu.

Beni ikaingia inatembea, kikosi cha askari nyuma yake, na Kapteni mbele anachapa hewa. Mwanzo ulikwenda. Wakafika pale muziki unapokatika, unapajua, pale baba yako alipokuwa akilamba midomo kabla ya kuanza. Kapteni alikuwa amesahau amri yake mwenyewe, au wapigaji waliisahau kwa hofu, sijui. Kimya kikaingia. Nusu ya askari wakadhani ni amri ya kusimama, wakasimama. Nusu wakaendelea. Mwenye ngoma kubwa haoni mbele, akamwingia koplo mgongoni na ngoma yake. Bunduki chini. Kofia chini. Mmoja akainama kuokota kofia, mwenzake akamkalia. Na Kapteni hajui! Amegeuzia jukwaa uso, anapiga saluti, nyuma yake watu wanalimana.

Wakajipanga tena, ikaja ile sehemu ya mwisho, ambapo wimbo unapanuka na kwenda polepole kama bibi harusi. Hapo ndipo nilipokaa chini. Kila mguu wa kushoto uko hewani unangoja ngoma ishuke, na ngoma haishuki. Kikosi kizima kwenye mguu mmoja, kama korongo kinamasini. Balozi mmoja alijifunika uso kwa karatasi ya ratiba, mabega yanacheza. Nilicheka, Mungu anisamehe. Nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Siku ya tatu Laker akaja, hakununua muhogo. Kapteni amesema klarineti ndizo zilizonyamaza kwanza, zilinyamaza kwa makusudi, ili kuaibisha serikali. Barnabé na wenzake wawili walitolewa chumba cha mazoezi mbele ya wote, wakaingizwa kwenye gari. Laker alipeleka chakula langoni. Mara ya kwanza walikipokea. Mara ya pili wakamrudishia sahani imeoshwa safi, wakamwambia, "Mama, usijisumbue tena."

Leo sikejeli, Onen. Usije. Barnabé hayupo. Hakuna mtu anayekungojea huku isipokuwa mimi na wao.

Mama yako,
Salme


Pumwani, Nairobi
Tarehe 3, mwezi wa tatu, 1974

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima.

Mkononi nina barua ya Barnabé ya tarehe 24 mwezi wa pili. Imepigwa chapa, chini kuna sahihi yake. Anasema sherehe ilifana na kiti kiko tayari. Sasa niambie, mtu aliyechukuliwa na gari anaandikaje barua?

Mama, nakupenda, lakini ukiogopa unadanganya. Nilipotaka kuingia beni uliniambia nina pumu ya kuzaliwa, mpaka daktari wa kambi akanicheka. Baba alipokufa uliniambia kapata nafuu, kaenda Gulu kutazama shamba, nikaingia nyumbani nikakuta jeneza sebuleni. Najua ni huruma. Lakini sasa siwezi kukuamini hata ukisema kumekucha, mpaka nifungue dirisha.

Tiketi nimekata. Jumamosi baada ya Pasaka niko Kampala.

Mwanao,
Onen


Kibuli
Tarehe 24, mwezi wa tatu, 1974

Onen,

Siulizi hali. Mtu aliyekwisha kukata tiketi hali yake nzuri.

Umesema ninadanganya kwa huruma. Ni kweli. Uongo wangu mkubwa hujaujua bado, na kwa kuwa umetaka dirisha, nalifungua.

Baba yako hakutaka ukae kiti chake. Alipokuwa kitandani siku zake za mwisho, mkuu wa beni, yule wa kabla ya Abudu, alikuja kumtazama, akamwuliza, "Tarcisio, tumpe mwanao?" Baba yako akasema, "Mpeni yeyote. Huyu ana pumzi, hana sikio. Anapuliza kama mwanamke anayepuliza moto wa kuni mbichi." Nilikuwepo, nimeshika beseni. Miaka ile sita alikukalisha kando yake ili sauti yake ikufunike, watu wasisikie. Ulipokuwa ukinyamaza kwenye ile sehemu, ndipo beni nzima iliposhukuru. Na nilipokwambia kwamba alisema utampita, niliyasema mimi. Yeye hakuyasema.

Sasa unajua kwa nini Kapteni Abudu anakutafuta mpaka Nairobi. Anataka mpigaji wa kiasi chake. Dereva wa maji na mpuliza kuni. Mmefanana.

Njoo basi. Kaa kwenye kiti cha Tarcisio mbele ya watu waliomsikia Tarcisio. Mimi nitakuwa pale uani na muhogo wangu. Wakicheka, nitacheka nao, na wakiuliza huyu ni mtoto wa nani, nitasema simjui.

Salme binti Uthman


Pumwani, Nairobi
21 Aprili 1974

Kwa Bibi Salme binti Uthman,

Tiketi nimeirudisha. Usidhani ni kwa ajili yako.

Siku niliyoipata barua yako niliitoa yufoniamu, nikafunga mlango, nikaipiga ile sehemu ya Baba. Nikasikia kuni mbichi. Nimepiga tena kila siku tangu hapo, na kila siku nasikia hizo kuni. Nilikuwa na kitu kimoja tu duniani, ukakipata, ukakikanyaga, ukapangusa mguu.

Mama za wenzangu huwadanganya watoto wao kwamba ni hodari. Wewe ukangoja mtoto apate miaka ishirini na saba, apande mlima wote, ndipo umwambie kweli na kumsukuma. Una moyo wa jiwe. Una ulimi wa nyoka. Baba alikuwa mtu mpole, sijui aliona nini kwako pale bustanini, nadhani jua lilimwingia machoni.

Siku ukifa, Mjomba asinitafute. Usiniandikie tena.

Onen


Kibuli
12 Mei 1974

Mwanangu Onen,

Hujambo? Unakula? Kifua je?

Barua yako ilifika. Tajudin aliniwekea mkononi huku anatazama pembeni, nikajua ndani kuna nini. Nilisoma kwanza pale juu. Nairobi. Ishirini na moja Aprili. Jumamosi ya tiketi yako imepita na wewe unaandika uko Nairobi. Hapo juu nimepasoma mara nyingi kuliko mengine yote. Matusi niliyasoma baadaye, nimekwisha kunywa chai. Umetukana vizuri, hasa lile la jua machoni. Lakini "moyo wa jiwe" na "ulimi wa nyoka" ni matusi ya kila mtu. Mtoto wa Tarcisio angetafuta yake mwenyewe.

Erinayo unamkumbuka, yule wa trombone, aliyekimbilia Kisumu. Naye alipata barua ya chapa, na sahihi ya Barnabé. Akapanda ile feri ya mabehewa ya treni, akashuka bandarini Port Bell na kasha lake. Kapteni alikwenda kumpokea mwenyewe, akamvika maua shingoni, wakapigwa picha. Jumapili wakarudisha viti, maana sasa wamejifunza, na Erinayo akakalishwa kwenye kiti cha baba yako, akapewa yufoniamu. Alipiga vizuri, sitasema uongo kwa hilo. Watu walipiga makofi hata huku nje ya ua.

Wiki haikuisha, gari likaja. Mama yake, Alanyo, alikuja kwenye sinia langu na sahani imefunikwa kitambaa cheupe, akaniuliza lango ni lipi. Nikafunga biashara nikampeleka. Tulipanda kilima watatu: Alanyo na sahani yake, Laker na yake, maana bado anapeleka, hata wakimkataza, na mimi katikati, mikono mitupu. Sikujua niitupie wapi mikono yangu, Onen. Wale wanawake wanalia, na mimi nafunga mdomo kwa kanga ili wasione uso wangu unavyoshukuru.

Kapteni amepandishwa cheo. Ni Meja sasa. Amepewa kijiti kirefu zaidi, chenye kichwa cha shaba, na mlingoti wa bendera umehamishwa usimsumbue akipaki gari.

Niliyokuandikia juu ya baba yako nimeyaandika. Siyafuti, na usiniombe niyafute, maana huku barua bado zinapigwa chapa.

Hili tu nakuomba. Usinijibu kwa upole. Siku ukiniandikia "Mama mpendwa" nitajua unafunga sanduku, na sitalala mpaka nione kama umeteremka huku. Nitukane kila mwezi. Karatasi moja inatosha. Weka mahali na tarehe pale juu, uandike kwa mkono wako mwenyewe, si kwa mashine, halafu uanze. Na ukiishiwa matusi, muulize mjomba wako. Aliniita mengi mwaka ule nilipoolewa na mpiga tarumbeta, na mengine hujawahi kuyasikia.

Mama yako, utake usitake,
Salme